Mwaka Moyo wa Baba Ulipokimbia

Wiki jana mteja mmoja, mwanamume wa makamo, alishika kaunta ya duka langu hapa mjini Kisii kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anakufa. Jasho lilimtiririka ilhali asubuhi ilikuwa na baridi. Watu wakaanza kuita boda boda. Nilimpa kiti, nikakaa naye nikimwambia atoe pumzi polepole, na pikipiki ilipofika nikampeleka hospitalini apimwe. Njiani aliniuliza kama mimi ni nesi. Nikamjibu kwamba mimi nauza vitambaa tu. Lakini uso ule niliujua tangu utotoni. Niliuona kwanza kwa baba.

Kwetu ni Nyaramba. Ungetujua enzi zile, ungetukuta kwenye majani chai kabla ya jua, tumejifunga nailoni kiunoni umande usituloweshe, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba ulimjua mwenzako kwa kikohozi chake. Baba hakuhitaji kukohoa. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na sauti yake nzito ilitoka mstari mmoja wa chai hadi mwingine, akifanyia mazoezi nyimbo za Sabato huku vidole vikichuna. Tukirudi jikoni tulikuta uji wa wimbi, na jioni chinsaga, zile mboga chungu, zilizolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukalegea. Hadi leo nikisikia harufu hiyo nageuka.

Ng'ambo ya ua wetu aliishi bibi kizee mjane. Tulimwita nyanya ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Watoto wake walikuwa wamehamia mbali, kwa hiyo mapera yake yote yalikuwa yetu, na tukipita kwenda shule alituita tuchukue ndizi mbivu. Alikuwa na mazoea ya kuzungumza na ng'ombe wake kama anayegombana na mume.

Mwaka ule, kaka yake baba alikuwa ameanguka shambani akichuna chai, akafa kabla hajafikishwa popote. Wakasema ni moyo. Baba aliongoza nyimbo za mazishi bila kutoa chozi, nasi tukadhani amekwisha kulia moyoni.

Miezi ikapita. Siku moja tulikuwa kwenye foleni pale kituo cha kuuzia majani, baba akatua kikapu ghafla. Akashika kifua. Midomo ilikuwa imekauka.

"Mama watoto," alimwambia mama, "nakufa."

Alibebwa hadi zahanati, akapewa dawa za malaria, akarudi nyumbani. Sabato iliyofuata hali ile ilimpata tena, mkono ukiwa umeinuliwa kuanzisha wimbo. Kwaya nzima ilimwona akitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Baada ya hapo akaacha kanisa. Kisha akaacha kituo cha majani, mama akawa anabeba vikapu peke yake. Mwishoni hata lango la boma hakulivuka. Alikaa kwenye benchi nje ya jikoni, vidole viwili vikiwa shingoni, akisikiliza moyo wake mwenyewe. Ndizi tulizompikia zilipoa mbele yake. Na kule kwenye chai, mistari ilikuwa kimya.

Ndipo maneno yalipoanza. Mtu fulani alikumbuka kwamba asubuhi ile ya foleni, nyanya wa ng'ambo alisimama njiani akampa baba ndizi. Hilo tu. Baba mdogo, ambaye alikuwa amemzika kaka mmoja na sasa aliona wa pili anakwisha, alilishika neno hilo akakataa kuliachia. "Tunamjua anayetumaliza," alisema jikoni kwetu, na mama akatutoa nje. Tukakatazwa mapera. Nyanya akaanza kufunga mlango mchana. Wewe ukiwa wa huku unajua maneno ya uchawi kama yale yanaweza kumfikisha mwanamke mzee kwenye moto. Sisi watoto tulijua pia, ndiyo maana hatukuulizana.

Mama hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa na neno moja alilolitumia kwa ng'ombe aliyekataa kula na kwa mtoto mwenye homa: "Twende tujue." Akamwambia baba hivyo, akapika viazi vitamu vya safari, nikachukuliwa nimshike baba mkono upande wa pili. Gari lilipofika Nyakoe baba akasema hapati hewa, akashuka, na hakukuwa na namna ya kumrudisha ndani. Mama hakugomba. Tulitembea kutoka Nyakoe hadi Kisii kwa miguu, tukipumzika kila baba aliposimama, tukila viazi kando ya barabara kama watu wanaotalii.

Hospitalini wakambandika nyaya kifuani. Daktari, mwanamke kijana, aliisoma karatasi akasema, "Mzee, moyo wako ni mzima."

"Basi mimi ni mwongo?" baba akauliza.

"Hapana. Unaumwa kweli. Lakini si moyo unaoumwa." Akavuta kiti karibu. "Nyumbani una mbwa?"

"Ninaye."

"Akibweka usiku unaamka. Sasa fikiria mbwa ambaye ameona mwizi mara moja, na tangu siku hiyo anabwekea hata jani la mgomba. Mwili wako umekuwa hivyo. Mwizi hayupo, lakini kubweka ni kwa kweli. Tunauita ugonjwa wa wasiwasi, na unatibika." Kisha akamuuliza, "Aliyekushtua ni nani?"

Baba akaiangalia ile karatasi. Alipotaja jina la kaka yake ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, analia.

Akapewa vidonge, akaambiwa arudi kila baada ya muda kuzungumza. Akafundishwa kutoa pumzi polepole. Na akaambiwa jambo lililomtisha kuliko yote: mahali pote anapopakimbia, aparudie kidogo kidogo, bila kusubiri hofu iishe kwanza.

Tuliporudi, Jumapili alasiri, tulimkuta baba mdogo na vijana wanne wamesimama uani. Walikuwa wanasubiri neno la baba tu. Nilihisi mkono wake unalowa ndani ya wangu.

"Sema, kaka," alisema baba mdogo. "Sema tu."

Baba aliniachia mkono, akalivuka lango. Alitembea mbele yao wote, shati limemganda mgongoni, mpaka mlangoni kwa nyanya, akabisha.

"Nyanya, fungua. Ni mimi. Nimekuja kula ndizi."

Mlango ulikawia. Ulipofunguka, baba alikaa kwenye kigoda cha nyanya pale nje, akapewa ndizi, akazila moja baada ya nyingine huku jasho likidondoka kidevuni. Kisha akasema kwa sauti ambayo kijiji kilikuwa hakijaisikia kwa miezi, "Hakuna aliyeniroga. Nilimpoteza ndugu yangu, nikaogopa. Ni ugonjwa, una jina na una dawa. Anayemgusa huyu mama, amenigusa mimi."

Vijana wakatawanyika. Baba mdogo aliondoka mwisho. Hakuomba msamaha, wala sikuwahi kumsikia akiomba. Ila mvua zilipokaribia alikuja na mabati, akapanda juu ya nyumba ya nyanya, akaziba palipokuwa panavuja.

Baba hakupona siku ile. Alifika kituo cha majani akarudi katikati ya foleni, akaenda tena. Kanisani alianzia benchi la nyuma, karibu na mlango. Zilikuwapo asubuhi mbaya, na bado huja, ingawa sasa huziita wageni, akazikaribisha zikae mpaka zichoke.

Mengi yameondoka. Jiko letu la udongo halipo, migomba imepisha nyumba za kupangisha, na watoto wa siku hizi hawazijui chinsaga zilizolazwa kwenye maziwa. Hayo nayalilia kidogo. Lakini minong'ono ile nayo imefifia kwetu, na sijaililia hata siku moja. Siku hizi mtu akishika kifua pale sokoni, kuna atakayesema, mpelekeni kwa yule mzee wa kwaya azungumze naye, kisha mumfikishe hospitali.

Na nyanya yetu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kwa uzee tu, kitandani kwake, adhuhuri, mlango ukiwa wazi.