Kinu Ndani ya Behewa la Farasi

Sisi tuliokulia Forest, mtaa wa Brussels, enzi za faranga, wakati simu ya nyumbani ilipotiwa kufuli ili watoto tusipige Bukavu kwetu Kongo, tunatambuana kwa jambo moja: treni inaweza kupita dirishani nasi tukaendelea kulala kama magogo. Reli ilikuwa saa yetu, redio yetu na uwanja wetu. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuegemea ukuta wa reli, macho tumefumba, na kutaja kwa sikio tu kinachopita: abiria, mizigo, au mabehewa matupu. Matupu yalikuwa na makelele kuliko yaliyojaa. Kaka yangu Amani hakukosea hata mara moja, mpaka tulipogundua kwamba alikuwa anachungulia.

Nikiwasimulia wanangu mchezo huo, wananitazama kwa huruma. Juzi mdogo aliuliza, "Maman, donc mulikuwa munacheza kusikiliza?" kisha akarudisha visikizio masikioni mwake.

Tuliishi ghorofa ya tatu, katika jengo la matofali mekundu. Nyumba ile tuliipata kwa shida. Kabla yake tulijibana na familia nyingine katika vyumba viwili, na kila mwenye nyumba aliyetuona tumepangana mlangoni, Papa mbele na watoto nyuma kama ngazi, alikumbuka ghafla kwamba nyumba imekwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo Maman alituingiza Forest na amri moja: "Mutembee polepole, chini kuko batu!" Tulivua viatu mlangoni. Tulifunga milango kwa mikono miwili. Hata kupiga chafya tulijifunza kupiga ndani ya kiwiko, zamani sana kabla dunia nzima haijafundishwa.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikuweza kuvuliwa viatu, nacho ni kinu cha Maman.

Kila aliyetoka Kivu anajua kwamba sombe si majani ya muhogo tu. Sombe ni majani yaliyotwangwa, tena yakatwangwa, mpaka yakaacha kuwa majani. Maman alinunua majani yake Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, kwenye duka moja la barabara ya Chaussée de Wavre, siku yaliposhuka kwenye ndege, yamefungwa kwa magazeti yenye unyevu. Jumamosi mchana aliketi jikoni, kinu katikati ya miguu, mchi mkononi, na jengo zima likajua kwamba familia ya ghorofa ya tatu kesho itakula vizuri. Du! Du! Du! Vikombe vilitembea vyenyewe kabatini.

Chini yetu aliishi mzee mmoja, Monsieur Odilon, mstaafu wa reli, mrefu, mwenye masharubu ya rangi ya majani makavu. Yeye Jumamosi mchana alilala. Pigo la kwanza la mchi lilipoanguka, ufagio wake ulijibu kutoka chini: ko, ko, ko. Papa alitandika zulia chini ya kinu. Ko, ko, ko. Akatandika godoro la Amani. Kinu kikayumba, majani yakamwagika, na ufagio ukaendelea. Mwishowe Papa alileta tairi la gari, akaketisha kinu ndani yake kama mfalme. Sauti ikawa nzito zaidi, kama mtu anayebisha hodi kutoka ardhini.

Ndipo mwenye nyumba akapanda ngazi, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Alisema maneno machache: malalamiko mengine ya kelele, hata moja, na mtatafuta pa kwenda. Papa alisema oui, monsieur. Akafunga mlango. Nakumbuka Maman alivyokitazama kile kinu, kama mzazi anayemtazama mtoto aliyefukuzwa shule.

Ubaya ni kwamba ubatizo wa mdogo wetu Neema ulikuwa umekaribia. Watu wa kanisani walikuwa wamealikwa, na kwa desturi yetu mkesha wa sherehe kina maman hukusanyika kutwanga pamoja, wakipokezana michi na nyimbo. Papa alijaribu kushauri wali na kuku.

"Kuku?" Maman akasema. "Batu batoke Liège, batoke Anvers, bakuye kula kuku? Kwabo habana kuku?"

"Bon, alors utafanya namna gani? Unataka batufukuze?"

Maman alijaribu mashine ya kusagia matunda. Majani yalizunguka mara mbili tatu, yakawa maji ya kijani, halafu mashine ikatoa moshi na harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza moja kwa moja. Maman aliionja ile supu kwa ncha ya kijiko. "Hii imekatwa," alisema. "Haikutwangwa." Akaimwaga.

Kesho yake alijifunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukashuka kwa Monsieur Odilon. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba, kwa sababu Kifaransa cha shule kilikuwa kimeniingia haraka kuliko wengine. Mzee alifungua mlango, akatutazama juu ya miwani yake.

"Umwambie bonjour," Maman alinong'ona. "Umwambie tena, miye siwezi kubatizisha mutoto bila sombe. Alors umuulize, ni siku gani yeye haiko ku nyumba, tutwange ile siku."

Nilitafsiri kama alivyosema. Leo najua kwamba watu hawaulizani hivyo katika mji huu. Mzee akasema, "Kwani huko juu mnafuga nini?"

"Hatufugi kitu, monsieur."

"Mwambie maman yako asinidanganye. Maisha yangu yote nimesafiri na farasi. Nikisikia farasi anapiga kwato kwenye mbao, namjua. Huyo wenu hana raha. Jumamosi zote naamka usingizini kwenda kumtuliza, nafika mlangoni, nakumbuka kwamba niko nyumbani."

Nilipomtafsiria Maman, alipiga makofi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwita Amani kwa sauti ambayo miezi yote ile haikuruhusiwa kwenye ngazi zile, akamwamuru ateremshe kinu. Monsieur Odilon alikizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliushika mchi, akaupima uzito, akaudondosha mara moja juu ya sakafu yake mwenyewe. Du! Kioo cha picha ya marehemu mkewe kikatetemeka.

"Ndiye huyu," alisema, na masharubu yake yakapanda. "Bon. Hapa hapana. Lakini nina sakafu iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi wako."

Wenyeji wa Forest watakumbuka vile vibustani vya wastaafu kandokando ya reli, vitunguu na maharage upande huu, treni upande ule. Katika kile cha Monsieur Odilon palikuwa na behewa zima lisilo na magurudumu, limekalia mataruma, zile mbao za kulazia reli, ya zamani, rangi yake imebanduka. Alilitumia kuwekea majembe. Sisi tulidhani ni behewa la mizigo, mpaka alipofungua mlango, na ule mlango badala ya kwenda pembeni ukalala chini, ukawa daraja la kupandia.

Ndani kulikuwa na vyumba vya kusimamia farasi, kuta zake zimevalishwa ngozi nene iliyojazwa manyoya, kama kochi lililosimama wima. Kati ya vyumba palikuwa na chumba kidogo cha mtu, chenye benchi, ndoano ya taa, na vidirisha vya kusukuma vya kumtazama farasi usoni safari nzima. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha Monsieur Odilon. Alisafiri humo miaka mingi, akiwapeleka farasi wa mbio Ostende kule pwani na kuwarudisha.

Alitusimulia habari za mabehewa hayo akiwa amekaa kwenye lile benchi, miguu imefika upande wa pili. Mwanzoni, reli zilipokuwa changa, farasi aliwekwa kwenye behewa wazi, amefungwa kichwa, mvua ni yake, moshi ni wake, na cheche za injini ni zake. Baadaye mabehewa yakaezekwa paa. Farasi wazito wa Brabant, wale wenye miguu kama nguzo za kanisa, walisimama wakitazamana pande mbili, na mtunzaji akaketi katikati na nyasi na ndoo ya maji. Vita vilipokuja, mabehewa yaleyale yalibeba askari, na mlangoni iliandikwa idadi ya watu au idadi ya farasi, upendavyo. Ndipo matajiri wa farasi wa mbio wakadai makubwa zaidi: ngozi ukutani, springi laini kama za abiria, na sakafu ya mwaloni, mbao juu ya mbao, ili kwato zisiitoboe.

Papa alisikiliza huku anatikisa kichwa. Yeye alizaliwa Kalemie, mji wenye reli, na alizoea kusafiri juu ya magunia ya mahindi, amejifunga kamba asianguke akisinzia. Aliigusa ile ngozi ya ukutani kwa kidole kimoja. "Farasi," alisema polepole. "Farasi alikuwa na muto wa kuegemea."

"Na mtumishi," Amani akaongeza.

"Mtumishi ni mimi," alisema Monsieur Odilon nilipomtafsiria, akainama kama mhudumu wa hoteli.

Jumamosi ya mkesha, kina maman walipanda lile daraja mmojammoja, vitenge vimekazwa, michi begani. Mwenye nyumba alikuwa mbali, mbao za mwaloni zilikuwa nene, na ngozi za ukutani zilimeza sauti. Waliweka kinu mahali pa farasi, wakaanza. Du! Du! Du! Hakuna ufagio uliojibu. Mwanzoni walitwanga kwa woga, wakisikilizia. Kisha mmoja akaanzisha wimbo, na woga ukatoka nje kupitia matundu ya hewa. Treni zilipita karibu kabisa, na dereva mmoja, alipoona wanawake ndani ya behewa lisilokwenda popote, alipiga honi ndefu. Waliitikia kwa vigelegele.

Sisi watoto tulijazana katika chumba cha mtunzaji, tukasukuma vidirisha, na Maman akatutilia mdomoni vipande vya biringanya. Monsieur Odilon alikaa nje kati ya vitunguu vyake. Niliposhuka kumpelekea kahawa, nilimkuta amefumba macho, anasikiliza, mguu wake unapiga taratibu. Nikaweka kikombe kando yake. Nilidhani anacheza mchezo wetu.

Neema alibatizwa, watu wa Liège na wa Anvers walikula wakalamba vidole, na hatukufukuzwa. Mzee aliketi karibu na Papa, akala sombe yake na viazi vya kukaanga na mayonezi, na hakuna aliyethubutu kumkosoa. Tangu siku hiyo, Jumamosi zetu zilikuwa za behewa. Nilimalizia hesabu za shule kwenye lile benchi. Nilijifunza kutwanga pale, na kuambiwa pale kwamba natwanga kama mtu anayeogopa majani.

Ile ghorofa ya tatu tulikaa mpaka nikamaliza sekondari. Monsieur Odilon alizeeka, akahamia nyumba ya wazee, na Maman akampelekea sombe yake kwenye kibakuli mpaka siku yake ya mwisho. Vibustani vilifungwa. Wakaja wapenzi wa reli za zamani, wakaliinua behewa kwa mtambo, wakalipakia juu ya lori. Mzee angecheka. Yeye mwenyewe alitueleza kwamba ni malori yaliyoyaua mabehewa ya farasi, kwa sababu lori lilifika hadi mlango wa zizi na treni haikuweza.

Mwaka huu, siku moja ya milango wazi, wageni wanapokaribishwa, niliwapeleka Maman na wanangu kwenye karakana ya wale wapenzi wa reli. Maman sasa anatembea na fimbo. Behewa lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, limerudishiwa magurudumu, na ndani wamesimamisha farasi wa plastiki anayetazama mbele kwa ujasiri. Mwelekezi wetu, mstaafu mcheshi mwenye kofia ya reli, alitukaribisha kwa furaha. Alitueleza kuhusu ngozi, vidirisha na chumba cha mtunzaji, vizuri kabisa. Kisha akatuonyesha kwenye sakafu shimo la mviringo, pana kama sahani, mbao zimelika.

"Na hapa," alisema, "mnaona palipopigwa na kwato. Lazima kulikuwa na farasi mmoja mwenye hasira, aliyesimama hapahapa miaka na miaka."

Maman aliinama, akalitazama lile shimo. Akaingiza ncha ya fimbo yake ndani, akaizungusha. Halafu akanivuta mkono kama zamani.

"Umwambie huyu papa," alisema, "ile farasi ya hapa njo miye."

Nilitafsiri: farasi wa hapa ndiye yeye. Mwelekezi alimtazama Maman, akatazama shimo, akaomba aelezwe tangu mwanzo. Tulielezana hadi karakana ikataka kufungwa, na wanangu, jambo la ajabu, walitoa visikizio masikioni. Mdogo aliomba kusikia ile sauti. Maman alipiga fimbo mara tatu kwenye mwaloni, na ubao ukajibu kwa sauti ileile.

Siku hizi nanunua sombe Chaussée de Wavre ikiwa imetwangwa na mashine, imegandishwa kama tofali, na ni nzuri, sitaki kusema uongo. Nina nyumba yenye kuta nene na sakafu ya kimya. Chini yangu anaishi mtu, nimeona jina lake kwenye kengele. Miaka yote hii hajawahi kugonga dari.