Mkono Uliobaki Begani

Mwanangu, siku ambayo haijanitoka kichwani ni ile niliyokaa kitini mama yangu akasimama. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, kabla ya vita ya pili, nami kijana wa Kariakoo, nashona kofia, najiona mzuri. Na kweli nilikuwa mzuri, usicheke. Hili pengo lilikuwa na jino.

Nilikuwa nimeposa mtaa wa Mchafukoge, kwa Mwarabu mmoja mwenye duka la nguo. Binti akiitwa Zuwena. Baba yake hakukataa, ila alisema babu wa binti yuko Lindi, hawezi safari, na neno la mwisho ni lake. "Piga picha na mama yako," akaniambia. "Mzee aone tunaungana na watu gani."

 Mama alikuwa na chale usoni, safu tatu kila shavu, za kwao bara. Aliletwa pwani akiwa mtoto, na hakuja kwa kupenda. Nami wakwe nilishawaambia sisi ni watu wa Bagamoyo tangu na tangu.

Tukaenda kwa fundi wa picha, Mgoa, kule Uhindini. Mama kavaa kanga mpya, bado ngumu, haijaingia maji. Fundi akatuonyesha picha za ukutani tuchague. Kulikuwa na ya wazee wa mjini: mtu kakaa wima, miguu yote inaonekana, viganja magotini, macho mbele. Kulikuwa na ya kichwa na mabega, uso umegeuzwa upande kama wa mtu anayesikiliza mlango. Halafu ile ya Kizungu: bwana kitini kakunja nne, bibi kasimama nyuma, mkono begani kwa bwana, na pazia limechorwa bustani ambayo Dar es Salaam nzima haipo.

Mama akagusa ile ya kwanza. "Hii ndiyo picha ya watu. Tukae wote wawili."

"Hiyo ya kizamani, mama."

"Kwani mimi ni wa lini?"

Fundi akacheka. Mimi nikachagua ya Kizungu. Nilidhani akisimama nyuma kivuli kitamficha uso. Basi nikakaa, mwanamke aliyenizaa akasimama na miguu yake iliyovimba kwa kukaanga vitumbua tangu alfajiri, akanishika bega, akabana pumzi.

Siku ya tatu nikaenda peke yangu. Chale zilitoka zote, safi kuliko macho yangu mimi. Nikamwambia fundi amfute. Siku hizo picha ilikaa kwanza kwenye kioo, ndipo ikatolewa kwenye karatasi. Mtu akikwanguliwa kwa kisu ametoka, harudi.

"Si mama yako huyu?" fundi akauliza.

"Futa."

Akakwangua, na kwenye karatasi mahali pake pakatoka giza tupu. Ila mkono aligoma kuugusa, angeharibu koti. Nikasema uache, utaonekana kama mkunjo wa nguo. Picha ikaenda Lindi.

Mama akawa ananiuliza, "Picha yetu imetoka?" Mwishowe nikamwambia imeharibika.

"Labda nilitikisika," akasema. "Miguu ilikuwa inaniuma. Nisamehe, baba."

Nami nikamsamehe, mwanangu. Nilisema, "Haidhuru, mama." Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jibu lilipofika, baba yake Zuwena aliniita dukani. Picha iko juu ya meza.

"Mzee anauliza mkono huu ni wa nani."

Nikaanza kusema ni mkunjo wa nguo, akanikatiza.

"Mama yako tunamjua. Vitumbua vyake tunanywea chai kila siku. Chale zake nilishamwandikia mzee, akajibu mama yake mwenyewe alikuwa nazo. Lakini aliyemfuta mama yake, sisi atatubakiza?"

Akanirudishia picha yangu. Zuwena akaolewa Kilwa.

Mama akafa masika yaliyofuata, bado anaamini alitikisika. Sikumwambia. Kila siku nilisema kesho. Baada ya arobaini nikarudi kwa fundi, akakitoa kile kioo akakiinua dirishani. Mahali pa mama palipita mwanga tu. Sura yake sasa iko kichwani mwangu, na kichwa chenyewe unakiona kinavyosahau. Nilichobaki nacho ni vidole vinne kwenye koti.

Wewe kesho unapigwa picha ya harusi. Mitindo chagua uitakayo, ya kukaa, ya kusimama, ya upande, si kazi yangu. Ila kiti mpe mama yako, tena mbele, penye mwanga. Na kama kuna uongo ulimwambia, mwambie kweli leo, angali anasikia. Mimi nimebaki kuliambia bega langu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie nyumba yenye watu, na wajukuu watakaojua uso wako ulitoka kwa nani. Amin.