Jinsi filamu ya mtaa wetu Kibiti ilivyomnyamazisha bibi yangu

Wakuu, nawaamkia kwa heshima. Ninayoyasimulia niliyashuhudia mwenyewe, sijatia chumvi.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mabanda ya video yalipoanza kuingia Kibiti, kijana wa mtaani kwetu alirudi kutoka Ulaya na kamera begani. Alisema anatengeneza filamu ya mtaa uliomlea.

Bibi mzaa baba alikuwa akisuka mikeka barazani na wenzake. Huyu anasuka ukili, ile mikanda mirefu ya ukindu, yule anaishona, na wote wanataniana. Kwa ulimi, hakuna aliyemfikia bibi. (Raha ya baraza ile siwezi kuieleza ikatosha.)

Kijana akawaomba wenzake bibi waondoke, apate "picha safi". Wakaondoka. Bibi akasuka kimya. Angemtania nani?

Filamu haijafika, bibi akafariki. Hatukuwa na picha yake hata moja, wala kanda ya sauti. Ilipoletwa kuonyeshwa kwenye banda la video, nilisafiri kutoka chuoni Dar ili nimsikie tena, basi.

Banda lilifurika, kijana naye amekaa mbele.

Filamu ikaanza. Kijana anatembea sokoni. Kijana anaitazama nyumba yao ya zamani. Kijana anafuta machozi.

Mama mmoja akauliza, "Jamani, sisi wengine tulihama lini?"

Watu wakaangua kicheko.

Hatimaye bibi akaonekana, kitambo kidogo tu, ameinamisha kichwa. Juu yake ikapita sauti ya kijana: "Hapa nilikutana na upweke wangu, katika uso wa ajuza asiye na wa kuzungumza naye."

Bi Siwema, aliyekuwa akimshonea bibi ukili wake, akasimama. "Upweke gani, mwanangu? Si wewe uliyetufukuza?"

Mimi nililia, maana nilihisi nimefiwa upya.

Tulipotoka, Bi Siwema alinishika mkono hadi barazani kwetu. Akaketi mahali pa bibi, akanigeukia, akaiga sauti ile ile ya bibi, ya puani: "We msomi, ukili umekushinda. Utaolewa na nani, kalamu?"

Wenzake waliotufuata wakadakia, kama walivyozoea kumjibu marehemu. Nikacheka huku machozi hayajakauka.

Nilichojifunza, wakuu: ukitaka kumrekodi mzee wako, usiwaondoe wanaomchokoza.

Nanyi je, wazee wenu walitaniana na nani? Andikeni hapa maneno yao, tuwasikie.