Watoto wa Sanduku Moja

Kosa lilikuwa langu, nililiandika kwa mikono yangu mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka nataka kumpiga mtu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini intaneti ndiyo inaanza kuingia Nairobi. Nilikuwa na cheti cha fomu foo, mtoto wa kike wa miaka mitatu, na kazi Kawangware katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbao. Niliajiriwa kuchapa. Bosi aliponiona nasoma kitabu chake kinene cha programu saa ya chakula, akanipa na kazi za programu, cheo kikabaki kilekile. Asubuhi natembea kutoka Kibera, mtoto nimemwacha hukohuko mtaani kwetu Kisumu Ndogo kwa jirani yangu, Mama Mapacha, anakaa kando ya beseni la omena, dagaa anazouza mama huyo, pamoja na mapacha wake wasichana.

Shirika moja lilikuwa linafungua nasari ya bure. Wazazi walijaza fomu za karatasi, sisi tukaziingiza kwenye ukurasa wa wavuti ili wafadhili wazisome huko kwao. Nilijaza ya mwanangu pia. Mama Mapacha alikuwa ameshanionya: mapacha wake wasipopata nafasi, anarudi nao Kakamega mwisho wa mwezi. Na bosi alisema siku nikimleta mtoto ofisini, niondoke naye moja kwa moja. Bila hiyo nasari sina kazi.

Wazazi wengine walijaza fomu mara mbili, mara tatu, wakidhani wanaongeza bahati. Bosi akasema, "Hizi za kurudiarudia toa. Leo."

Majina hayakusaidia. Mtu leo anaandika la ubatizo, kesho la nyumbani. Nikaona namba ya sanduku la posta, ile ya P.O. Box, ndiyo haibadiliki. Nikaandika:

/Box\D*(\d+)/i

Maana yake: tafuta neno Box, liwe kwa herufi kubwa au ndogo, ruka chochote kisicho tarakimu, kisha shika tarakimu zinazofuata. Ikiwa namba hiyo imeshaonekana, tupa fomu. Vinukta vya watu, mikato yao, nafasi walizoacha ovyo, programu iliruka vyote. Mstari mmoja! Nilijisikia mtu. Bosi akaituma orodha jioni ileile, mimi nikanunua chapati mbili njiani.

Wiki iliyofuata niliifungua orodha nimtafute mwanangu. Hayuko. Nikatafuta watoto wa Kisumu Ndogo wote. Alikuwepo mmoja tu, pacha mmoja wa jirani yangu.

Nani kwetu ana sanduku lake la posta? Sisi sote tunatumia la kanisa. Barua zinasomwa majina Jumapili baada ya ibada, unanyoosha mkono, unapewa yako. Mimi mwenyewe nimenyoosha huo mkono miaka mingapi? Halafu naketi Kawangware naandika programu kama mtu aliyezaliwa Lavington kwa matajiri.

"Bosi, tumetupa watoto wa watu," nilimwambia. "Nipe siku moja. Nitalinganisha namba pamoja na jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa."

"Orodha ilishakubaliwa. Wameisifu, hata."

"Si tuwaambie tulikosea?"

"Tulikosea na nani? Madam, hiyo programu aliiandika nani?"

"Ujinga ni wangu. Huu uoga ni wako."

"Toka nje upoe, ama uende kabisa."

Nilitoka, nikapoa, nikarudi. Ningeenda wapi?

Jioni nilimwambia Mama Mapacha palepale mbele ya beseni. Sikuzunguka. Alisikiliza huku akipima omena kwa kikombe.

"Kwa hivyo sisi wote wa kanisa tulikuwa mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Sasa huyu wangu mmoja aende shule, na huyu mwingine nimfanye nini? Nimkaange na omena?"

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Alimfungia mteja omena zake, akafuta mikono kwa leso.

"Mimi nasafiri. Siwatenganishi. Mpeleke wako kwa jina la wangu."

"Huo ni uongo, mama."

"Na ile uliandika kwa kompyuta ilikuwa nini?"

Nilichukua hilo jina. Akanipa na kadi ya kliniki ya yule pacha. Wale mama wengine wa kanisa sikuwaambia kitu. Niliwaacha waamini watoto wao hawakutosha, na Jumapili nikawa nakaa benchi la nyuma.

Siku moja kabla nasari ifunguliwe nilimkalisha mwanangu kitandani.

"Mwalimu akiita hilo jina, unasema nini?"

"Huyo ameenda Kakamega na basi."

"Najua. Huyo sasa ni wewe. Sema niko."

"Na mimi nimeenda wapi?"

Nilimfokea anyamaze, tuanze tena.