Mama hataki kusikia habari za Siena

Jamani, leo Mama amenichosha!

Nimemwambia hotelini wamenipa off, naenda Italia na wenzangu wa kwaya. Tutatembea kwa miguu siku sita, kijiji hadi kijiji, mpaka mji wa kale wa Siena.

"Huko hakuna magari?"

Yapo, Mama.

"Basi nani anawafukuza?"

Hakuna anayetufukuza! Watu wanatembea tu, wanaangalia mashamba. Nikamwonyesha viatu ninavyofanyia mazoezi hapa mjini kwetu Cedar Hill mwezi mzima. Akavisukuma pembeni.

"Nilitoka Burundi hadi Tanzania kwa miguu, wewe ukiwa mgongoni, ili usije ukatembea hivyo."

Nimetoka nje, nimekaa kwenye gari. Tiketi nimeshakata.

Nyie mngemjibu nini?