Viti vya Mpwa Wangu

Mpwa wangu alichoka kuwa nyota, maskini. Alichoka kushangiliwa, alichoka kupendwa, na zaidi ya yote alimchoka meneja wake, aliyeiuzia kampuni ya sabuni wimbo ambao haujatungwa. Basi akaja kujificha kwenye karakana yangu ya useremala, na kofia na miwani myeusi, ndani ya chumba chenye balbu moja. Hakuna aliyemtambua, isipokuwa mtaa mzima.

Sharti lake lilikuwa moja tu: asiombwe kuimba. Alitaka kazi ambayo mtu akiikosea, anaambiwa. Nikamwambia sawa, shika randa.

Kiti chake cha kwanza kilikuwa na miguu minne isiyopatana. Kwa miaka thelathini, kiti cha namna hiyo huwa nakivunja mbele ya aliyekitengeneza, kisha anaanza upya. Ndivyo marehemu baba alivyonifunza. Lakini mlangoni alisimama mama mmoja, simu mkononi, akauliza bei. Ulimi ukaniteleza.

"Safi sana, fundi," nikamwambia kijana.

Kizuri chajiuza, wanasema. Kumbe na kibovu, kikipata jina. Viliondoka viti kumi na vinane, na hakuna aliyevikalia. Watu walipiga navyo picha. Vyangu, vilivyonyooka, vikabaki ukutani vikila vumbi. Kijana akanawiri. Akawa anasema hatimaye kuna kitu anakiweza bila maikrofoni.

Kisha mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye redio yake ilikufa zamani na hakuona haja ya kuizika, akarudisha kiti chake. Yeye alikuwa amekinunua ili akikalie, ajabu hiyo. Akakiweka sakafuni, kikayumba.

"Kimeniangusha," alisema, akanigeukia mimi. "Fundi mkubwa, wewe hukukiona?"

Mpwa wangu akavua miwani.

"Mjomba, ulisema ni safi."

Nikajikuna shingo.

"Kumbe na wewe ni meneja wangu," akasema.

Niliona aibu, sikufichi. Nikachukua nyundo nikakivunja kile kiti mbele ya kijana, kisha na vitatu vilivyokuwa vikisubiri wateja.

"Vibovu," nikamwambia. "Vyote. Anza upya."

Akaokota randa. Alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Mwalimu akavuta kiti changu kimoja, akakipangusa vumbi, akakaa kusubiri chake.