Kungoja Nako Kunaandikwa

Nikiwa mutoto, kule Lweba, mama na bamama wawili wa jirani balikuwa banatwanga muhogo katika kinu kimoja. Michi tatu, na hata siku moja haikugongana. Mi nilikuwa nakaa pale na njaa yangu, nasikia. Mumoja akisimama kusalimia mupita njia, mulio ulibaki na shimo, na lile shimo ndilo nilisikia zaidi. Lakini sikutaka kusema mambo ya muhogo. Nataka kusema juu ya wimbo wa bibi yangu.

Bibi alipokufa, wimbo uliniingia kichwani. Si wa koro ya baimbaji tu. Fanfare yote ya kanisa letu la muji wa Baraka, tarumbeta, tuba, ngoma kubwa, pamoja na bapiga violon wa kanisa jirani, bantu karibu makumi sita. Nilibasikia bote mara moja. Lakini masomo ya école niliacha mwaka wa pili, na note sijui hata moja.

Nilikuwa na rafiki, muchunga ng'ombe wa Bibokoboko, kule milimani, alifundishwa note na bamisionere. Kila siku ya soko alikuwa anashuka kuuza maziwa, kisha anakaa kwangu na cahier, daftari yake. Naimba tuba kwanza, kwa sababu tuba ndiyo inabeba nyumba. Anaandika. Naimba tarumbeta mpaka midomo inauma. Anaandika. Siku moja akaniuliza:

—Mukubwa, hapa violon inafanya nini?

—Haifanyi kitu. Inangoja.

—Kungoja nako kunaandikwa.

Akanieleza, kimya cha note kwa Kifaransa kinaitwa soupir, ndiyo kushusha pumzi. Tulipofika pale katika wimbo bibi anakata roho, aliandika soupir kwa bote, na machozi yakaangukia cahier. Akapangusa na mukono wa koti. Ndugu zangu mwenyewe habakumulilia bibi vile.

Siku ya répétition, ya kujaribu wimbo pamoja, kwa sababu bengi habakujua ile alama ya soupir, aliandika maneno waziwazi kwenye kila karatasi: shusha pumzi. Bakapiga vizuri. Bakafika pale pa bibi kukata roho. Bote makumi sita bakashusha pumzi kwa nguvu, hhhaaa, balifikiri ndiyo kazi bamepewa.

Kanisa lote likacheka. Mupiga tuba akasema:

—Leo muchunga ng'ombe anatufundisha kupumua. Kesho atatufundisha kucheua.

Na mi nikacheka. Sitaficha. Nilicheka nikimuangalia usoni, yeye mwenye alimulilia bibi yangu.

Hakugombana. Alikusanya karatasi zote, akaziingiza ndani ya cahier, akaiweka juu ya benchi mbele yangu.

—Baki nayo, mukubwa.

—Keti, ndugu yangu, tuendelee. Ni muchezo tu.

—Najua.

Ile cahier mi siwezi kuisoma, na yeye alijua vile. Akafunga vifungo vya koti, akapita katikati ya tarumbeta, akashika njia ya milimani, na hakurudi tena.